Sweta ya Mifupa

Mtoto wa jirani yangu ana sweta nyeusi yenye mifupa. Mbavu nyeupe zimejipanga kifuani, uti wa mgongo umeteremka nyuma pingili kwa pingili, na mikononi mifupa imefuatana mpaka kwenye vifundo. Mamake aliichagua kwenye rundo la mitumba mjini Eldoret. Aliikagua kwapani kama ina tundu, akavuta uzi wa pindo aone kama utafumuka, akalipa, akaja zake. Alfajiri za Oktoba hapa Kiplombe zina baridi ya kuuma masikio, na sweta nzito ni sweta nzito. Mtoto ana miaka minne. Kila asubuhi huvishwa mifupa yake, akanywa chai, akatoka kukimbiza kuku.

Nilipomwona mara ya kwanza nilicheka, kisha nikatafuta wa kucheka naye nikamkosa. Katika ploti yetu ya vyumba kumi na viwili ni mimi tu niliyejua nguo ile ilishonewa nini. Ilishonwa ivaliwe usiku mmoja wa mwaka, ule wa tarehe 31 Oktoba ambao Wamarekani huuita Halloween, na mtoto anayepita mlango hadi mlango akidai peremende. Usiku ulipokwisha ikatiwa kwenye furushi, ikavuka bahari, ikashuka bandarini Mombasa, ikapakiwa kwenye lori na kupandishwa huku juu. Tulipita njia moja, mimi nayo.

Mimi ni wa Ganze, kaunti ya Kilifi. Mji wa Eldoret uko kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na mwaka wangu wa kwanza chuoni nililala na soksi jozi mbili. Baadaye nilitoka bwenini nikahamia Kiplombe, kata ya eneo bunge la Turbo, upande ambako mji unakwisha na mahindi yanaanza. Siku hizi ni vigumu kusema kipi kinakwisha na kipi kinaanza. Eldoret ilipewa hadhi ya jiji Agosti 2024, na mwenye ploti wetu, bibi wa Kinandi ambaye sote tunamwita Kogo, husema kwamba kodi nayo lazima ipate habari hiyo.

Oktoba ya 2025 ilinikuta sina kipindi hata kimoja. Wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma waligoma tarehe 17 Septemba wakidai Sh7.9 bilioni walizokuwa wameahidiwa kwenye mkataba wao, na nchi nzima madarasa yakafungwa. Siku ya mwanafunzi aliyegomewa ni ndefu kuliko ya aliyefungiwa. Unaamka kwa mazoea, unachota maji kabla foleni haijawa ndefu, unanunua mandazi mawili. Saa nne unatembea hadi chuoni kuangalia kama kuna jipya. Katika ukumbi tuliokuwa tukisomea fasihi, tarehe ya 16 Septemba ilikuwa bado ubaoni, imeandikwa kwa mwandiko wa mhadhiri wetu, na chini yake neno moja lililopigiwa mstari: "Taharuki". Hakuwahi kutueleza. Katikati ya Oktoba, tarehe 15, mwanasiasa Raila Odinga akafia India, na kwa siku kadhaa redio ya mama mboga haikuwa na jingine ila maombolezo. Hata wale wasiompenda walipunguza sauti walipompita mtu aliyekuwa akilia.

Nikarudia ugonjwa wangu wa zamani. Filamu nilizianzia Ganze, kwenye kibanda cha video chenye gunia mlangoni badala ya pazia. Tulilipa Sh10, tukakaa chini, na sauti ya DJ Afro ikatutafsiria na kututania juu ya sauti za waigizaji, hata nikakua nikiamini kwamba Wachina wote hugombana kwa Kiswahili cha Nairobi. Pale kulikuwa na sheria moja: stelingi, yaani shujaa wa filamu, hafi. Ukiona stelingi amekufa ujue kuna sehemu ya pili. Chuoni ndiko nilikojifunza kwamba ziko filamu ambazo stelingi hufa na hakuna sehemu ya pili, na kwamba hizo ndizo zinazokufuata kitandani.

Kando ya barabara yetu kuna duka la muvi, kijana mmoja na kompyuta mbili. Unampa flashi na Sh20 kwa kila filamu, naye anakujazia huku akiendelea kuongea na wateja watatu wengine. Wiki ya mwisho ya Oktoba aliniambia kwamba watu wote wanataka za kuogofya. Hawajui kwa nini wanazitaka. Simu zao zimewaambia ni msimu wake. Nilimwomba ile ya zamani, *Halloween* ya John Carpenter ya mwaka 1978. Aliitafuta kwa muda, akaniuliza kama nina hakika, maana picha zake si kali.

Picha zake si kali kwa sababu hapakuwa na pesa. Filamu iligharimu takriban dola 300,000, na dakika zake 91 zikaja kuwa mama wa mamia ya nyingine. Inajidai inatokea mwezi wa Oktoba katika mji mdogo wa Illinois, majani yakipukutika, lakini ilipigwa California majira ya kuchipua. Watengenezaji walipaka rangi majani ya bandia, wakayamwaga barabarani, wakapiga picha, wakayaokota, wakayamwaga kwingine. Kinyago cha muuaji, ule uso mweupe usio na hisia, kilikuwa kinyago cha dukani cha Kapteni Kirk wa *Star Trek*, bei yake haikufika dola mbili. Walikipulizia rangi nyeupe na kuyapanua macho. Muziki alitunga Carpenter mwenyewe. Mambo haya nilikuwa nimeyasoma yote, na ndiyo yaliyonipa ujasiri wa kuialika ploti.

Kwa nini watu walipie hofu? Kogo ndiye aliyeniuliza hivyo, akiwa kwenye kigoda chake, akisafisha kibuyu cha maziwa ya mursik. Alikuwa anaingiza sosiot, ule ufito wa kusugulia, akisugua ndani na masizi ya mkaa wa senetwet, akikizungusha kibuyu pajani kama anayebembeleza mtoto. Nilimweleza kwamba Waairishi wa kale waliamini mwisho wa mavuno, usiku wa kuamkia Watakatifu Wote, mipaka ya walio hai na wafu hulegea. Baadaye wazao wao wakachonga tanipu na mizizi mingine, wakatia taa ndani. Na walipohamia Marekani wakakuta maboga, makubwa zaidi na rahisi kuchonga. Siku hizi boga hutobolewa macho na mdomo, likawashwa mshumaa tumboni, likawekwa mlangoni.

"Na nyama yake?"

Nikamwambia nyingi hutupwa.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha, badala ya kujibu, akanisimulia habari za chemosit. Ni kiumbe nusu mtu nusu ndege, ana mguu mmoja na makalio tisa, hutembea kwa kujiegemeza kwenye fimbo kama mkuki. Mdomo wake ni mwekundu, na usiku unang'aa kama taa. Chakula akipendacho ni watoto. Hafukuzi mtu. Hukaa gizani karibu na maboma akaimba, na watoto wakiona ule mwanga kwa mbali na kusikia wimbo hudhani kuna ngoma, wakaenda wenyewe kwa miguu yao. Baadaye niligundua kwamba A. C. Hollis, ofisa wa kikoloni, alimwandika chemosit huyuhuyu katika kitabu chake kuhusu Wanandi kilichotoka 1909, makalio tisa na yote. Lakini siku ile nilikuwa nafikiri jambo moja: mwanga gizani, muziki, na watoto wanaousogelea kwa hiari yao. Kile kibanda cha Ganze kilikuwa nini kingine?

Nilimpa Kogo la kwetu kama malipo. Kwetu pwani tunasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Marehemu hawe, nyanya yangu, alilisema kila mtu alipopata msaada kwa ndugu mkorofi: mla watu akiwa anakujua atakubakiza kidogo. Nikiwa mtoto nililiamini. Nilipokua nikaanza kuona tundu kwenye methali hii, kwa sababu Kilifi ninayoijua mimi ni mahali ambapo mzee mwenye mvi anaweza kuitwa mchawi na wajukuu zake mwenyewe. Filamu ya *The Letter* ya Maia Lekow na Chris King, iliyotoka 2019, inamfuata kijana anayerudi kijijini baada ya nyanyake mwenye miaka zaidi ya tisini kuambiwa ni mchawi, na kadiri unavyoitazama ndivyo unavyoona ardhi ikijitokeza nyuma ya uchawi. Kule kwetu Ganze wazee waliotishiwa maisha hupewa hifadhi Kaya Godoma. Wageni hawakuwakimbiza. Kwa hiyo ninapoona picha ya msichana wa Marekani aliyevaa kofia ndefu nyeusi akijiita mchawi ili apewe peremende, sikasiriki, ila hucheka polepole, kama mtu anayechekea kidonda kisichokuwa chake.

Eldoret nayo ina lake. Kogo huliita "wakati ule", akageuza maneno. Tarehe 1 Januari 2008, baada ya uchaguzi uliozozaniwa, kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji huu, lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Nilikuwa mdogo, na mbali. Nilichokielewa baada ya kuishi hapa ni kidogo tu: majirani walijua nani amehama, nani yuko kanisani, nyumba ya nani ni ipi. Ujirani ni kujua mwenzako analala upande gani wa ukuta. Ujuzi huo hauna upande wake wenyewe.

Ijumaa tarehe 31 ilianza kwa jua na kufikia saa kumi wingu lilikuwa limekaa juu ya mahindi. Mengi yalikuwa yamekwisha kukatwa na kusimamishwa shambani kwa mafungu ili yakauke, na kwa mbali, jioni, mafungu yale hufanana na watu waliosimama wakisubiri kitu. Nilikuwa napanga viti vya kukopa chumbani mwangu nikasikia mlango ukigongwa chini, karibu na sakafu. Nikafungua. Palikuwa na mifupa midogo imeshika bakuli kwa mikono miwili.

"Mama amesema ule ikiwa moto."

Lilikuwa boga la kuchemsha, vipande vinne, rangi ya chungwa, likitoa mvuke. Nilipokea bakuli nikasimama mlangoni kama bwege. Nadhani ndiyo Halloween pekee iliyofanyika Kiplombe mwaka ule: ilikuja kwa saa yake, katika vazi lake, ikagonga, na ikaacha kitu badala ya kudai. Nilitaka kumwambia mtu. Mtoto alikuwa amekwisha kuondoka, akiruka madimbwi.

Tulikuwa saba mbele ya kompyuta yangu: wanafunzi wawili wa chumba cha tano, fundi wa pikipiki, mama wa yule mtoto, mtoto mwenyewe amelala mapajani mwake, Kogo kwenye kigoda chake alichokuja nacho, na mimi. Mvua ilianza kwenye mabati kabla ya jina la filamu kuisha, ikabidi niongeze sauti hadi mwisho. Mwanzoni walicheka. Filamu inaanza kwa macho ya muuaji. Tunapanda naye ngazi, tunaona anachokiona, na baada ya kitendo wazazi wanafika na kumvua kinyago. Ndani ni mtoto wao wa miaka sita, na aliyeuawa ghorofani ni dada yake.

"Wa nyumbani," alisema Kogo. Hakushangaa.

Fundi alikuwa amechoka kumngoja muuaji afanye kitu. Kwa nusu saa nzima yule mtu anasimama tu: nyuma ya ua, kando ya gari, kati ya shuka zilizoanikwa. Wanafunzi walijipima nani ataruka. Lakini mahali palipokishtua chumba changu hapakuwa na kisu wala kinyago. Karibu na mwisho, yule msichana, Laurie, anakimbilia nyumba ya jirani. Anagonga, anapiga mayowe, anaomba afunguliwe. Taa inawaka. Mtu anachungulia dirishani, anamwona. Kisha taa inazimwa.

Mama wa mtoto aligutuka akamkumbatia mwanawe. "Aki huyo amemwona! Amemwona na amezima taa!"

"Labda alidhani ni mzaha," nikasema. Ndiyo maelezo ya kawaida: ni usiku wa mizaha, watoto wamekuwa wakigonga milango jioni nzima. Hayakumtosha. Alitaka kujua yule jirani ni nani, alikuwa anakula nini muda huo, na kesho yake angemsalimiaje mama wa yule msichana. Kogo alikuwa ametazama chini, mikono imelala mapajani. Nilikuwa nimeitazama filamu ile mara nne na kila mara sehemu ile ilinipita kama daraja la kwenda kwenye sehemu nyingine. Ilibidi ije Kiplombe ili nione kwamba yule aliyevaa kinyago ni wa kuchezea, na mwenye kutisha ni huyu aliyezima taa, asiye na jina wala uso, ambaye haonekani tena.

Dakika moja baadaye stima ikapotea. Betri ya kompyuta yangu ilikufa zamani, hivyo filamu ikafa nayo. Tulikaa gizani, mvua ikipiga mabati, hakuna aliyesimama. Mtu akawasha tochi ya simu, akaielekeza darini, na hapo kila mtu akaaga kwa zamu, akisema jina lake akipita.

Tulichokuwa hatujui ni kwamba mvua ya usiku uleule, upande wa pili wa mteremko mkali wa Elgeyo, ilikuwa imeulegeza mlima. Huko Chesongoch, Marakwet Mashariki, chini kwenye Bonde la Kerio, udongo na mawe viliteremkia nyumba watu wakiwa wamelala. Jumamosi asubuhi redio ya mama mboga ilikuwa na habari hiyo, na idadi ikipanda kila taarifa ilipokuja. Waliokufa walizidi 20, na wengine hawakuonekana. Majeruhi waliletwa Eldoret kwa ndege. Tulisikia helikopta, na kila mtu kwenye ploti alitoka nje akatazama juu, mikono imekinga macho, hata yule mtoto wa mifupa.

Hapo ndipo methali ya hawe ilinirudia. Mlima haumjui mtu. Zimwi hilo halina sababu ya kukubakiza. Lakini nilipokuwa nikiwaza habari za watu wa kule wakichimba matope, niliona kitu ambacho sikuwa nimekifikiria. Nyumba ikifukiwa, atakayejua uchimbe wapi ni nani? Serikali haijui. Ramani haijui. Anajua jirani: kwamba mlango ulielekea mtoni, kwamba jikoni kulikuwa huku, kwamba mama mzee alilala upande ule wa ukuta. Ni ujuzi uleule niliousema juu ya "wakati ule". Kwa kujua mwenzako analala wapi waweza kuwasha moto, waweza kuzima taa, na waweza kuchimba. Kila usiku tunalala mikononi mwa watu wanaojua hivyo kutuhusu, nasi tunajua hivyo kuwahusu, na hakuna kinyago cha dola mbili kinachoweza kututisha kama hilo, wala kutufariji kama hilo.

Jumapili ilikuwa siku ya kuwaombea marehemu wote, na padri, nilivyoambiwa, aliongeza Chesongoch kwenye orodha. Jumatano tarehe 5 Novemba mgomo ukakoma baada ya siku 49. Alhamisi nilikwenda chuoni. Mhadhiri wetu aliingia, akatazama ubao, akacheka kidogo, akafuta tarehe. Neno "Taharuki" aliliacha. Alisema tuendelee tulipoachia.

Filamu sijaimalizia. Flashi iko kwenye dirisha, karibu na mbegu za boga nilizozianika kwa kuwa Kogo aliniagiza nisizitupe. Kilichokuwa kikinisumbua wiki ile ni bakuli. Nyumbani kwetu hurudishi chombo cha mtu kitupu. Hata kama huna kitu, unatia chumvi kidogo. Nilitafuta cha kutia nikakosa cha maana, nikaenda dukani nikanunua peremende za Sh20, bei ya filamu moja, nikazimwaga ndani ya bakuli.

Niligonga mlango wao. Alifungua mtoto mwenyewe, mikono ya sweta imekunjwa, ubavu mmoja wa chini umeanza kubanduka. Alitazama bakuli, akanitazama.

"Za nini?"

Nikamwambia ni za boga.

Alifikiri kidogo, akachukua moja tu, akageuka na kupiga kelele ndani ya nyumba kwamba mtu wa chumba cha nane ameleta bakuli, na kwamba halikuwa tupu.